"Cup" ya kaskazini mwa Uingereza
Wapo wanaodhani mchambuzi wa mpira wa huko anakosea anaposema "FA Cup" kwa u kama ya "kuku". Hapana, hakosei. Ndivyo wanavyotamka Leeds, Manchester na Liverpool, na u hiyo ndiyo ya zamani. Kusini mwa Uingereza ilianza kugeuka karne ya 17 ikasogea karibu na a. Kaskazini wakabaki nayo, ndiyo maana kwao "put" na "but" zinaishia sawasawa. Nimefanya kazi na mtu wa Leeds, "come up" yake ilinisumbua mwanzoni, nasikia "kum up". "Bath" nayo wanakata a fupi, London wanaivuta: "baath". Ila msidhani kaskazini hawavuti a kabisa, kwenye "father" wanavuta kama wengine.