Saa 168 za wiki: hesabu kwanza, ndipo ujaze fomu ya kozi

Anayesoma huku ana kazi na familia mara nyingi huharibikiwa siku ile ile anapojaza fomu ya kozi, miezi mingi kabla hajauona mtihani. Anajaza kozi zote za mwaka kwa kuwa mwongozo umezipanga hivyo, kisha anajiambia atajibana. Anapoanza kulala saa nane usiku, kusahau kliniki ya mtoto na kukusanya sapu (mitihani ya marudio) tatu kwa mpigo, anajiona mvivu. Uvivu haupo hapo. Alijitwisha saa ambazo wiki yake haina.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na inashangaza ni wangapi huingia chuoni bila kuifanya. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Humo mna mhadhara, kusoma mwenyewe, kuandika kazi za nyumbani, kujiandaa na mtihani na kuufanya. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza ni krediti 120, yaani saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 40 unapata saa 30 kila wiki. Hiyo ni ajira ya pili.

Sasa geukia upande wako. Chukua daftari la kawaida, na kwa siku 7 andika kila nusu saa ulikuwa unafanya nini. Usipange wala usijirekebishe, andika tu. Kosa la kawaida ni kuacha siku nzima ipite kisha kuandika kwa kukumbuka. Ukikumbuka, foleni inakuwa fupi na simu inatoweka kabisa. Simu nyingi za sasa zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha umetumia muda gani kwenye kila programu. Nakili namba hiyo kila usiku.

Tuchukue mfano wa mama wa Dar es Salaam anayeishi Mbagala, anafanya kazi Posta katikati ya jiji, ana watoto wawili wa shule ya msingi. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa 7 kwa usiku unachukua 49. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Ongeza saa 1 ya chakula cha mchana kwa siku 5, jumla 50. Daladala na foleni, kwenda na kurudi, saa 3 kwa siku: 15. Kupika, kufua, sokoni, madaftari ya watoto, saa 3 kila siku: 21. Kuoga, kuvaa, kula, saa 1 na nusu kila siku: 10 na nusu. Ibada, kikoba, wagonjwa, misiba: 8. Jumlisha, toa kwenye 168. Zinabaki saa 14 na nusu.

Usizitumie zote. Mtoto ataugua, umeme utakatika, bosi ataleta ripoti ya dharura. Chukua saa 10, nyingine ziache ziwe akiba. Saa 10 kwa wiki 40 ni saa 400, sawa na krediti 40. Hapo ndipo ukweli ulipo: kwa maisha yale yale bila kubadilisha kitu, mama huyu ana uwezo wa theluthi moja ya mzigo wa mwaka. Shahada ya krediti 360 ingemchukua miaka 9.

Watu wengi wakifika hapa hukimbilia kukata usingizi. Ni mahali pabaya pa kuchota. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na anayelala 5 kwa wiki kadhaa husoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika kitu, kwa hiyo saa 2 alizodhani amezipata zinamrudi. Chota kwingine.

Pa kwanza ni likizo. Sheria hiyo hiyo inakupa siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka yenye malipo, sikukuu zikiwa ndani yake. Wiki nne bila kazi wala daladala zinafungua saa 65 kila moja. Ukisoma 30 tu kati ya hizo juu ya 10 za kawaida, unapata saa 120 za ziada, krediti 12. Lakini mwajiri ndiye mwenye mamlaka ya kupanga tarehe za likizo. Ukisubiri ratiba ya mtihani itoke ndipo uombe, wenzako watakuwa wameshachukua. Peleka barua mwanzoni mwa mwaka ukitaja miezi ya mtihani ilivyo kwa kawaida chuoni kwako, na rasimu ya nani atashika kazi zako. Na kuhusu muda wa ziada kazini: unatakiwa uwe kwa makubaliano, na hauruhusiwi kuzidi saa 50 katika kila wiki nne. Wiki za mtihani una haki ya kusema hapana, ila iseme mapema na kwa heshima.

Pa pili, na hapa ndipo penye utajiri wenyewe, ni nyumbani. Saa 1 ya kazi za nyumbani ambayo mtu mwingine anaichukua kila siku ni saa 7 kwa wiki, saa 280 kwa wiki 40, krediti 28. Jumlisha na zile 52 za mwanzo (40 za kawaida na 12 za likizo): krediti 80 kwa mwaka, na shahada inashuka hadi miaka 4 na nusu. Kaa na mume au mke umwonyeshe namba hiyo kwenye karatasi. "Nisaidie kidogo" haina kipimo, kwa hiyo haitekelezwi. Baada ya wiki mbili kila mtu amesahau na ugomvi umeanza. Taja kazi yenyewe: baba anawaogesha na kukagua madaftari Jumatatu hadi Alhamisi, kijana wa darasa la 6 anaosha vyombo vya usiku na kupiga pasi sare, dada wa kazi, kama yupo, asiongezewe tu mzigo kimyakimya, aongezwe na posho.

Jikoni kuna saa nyingi zilizojificha. Loweka kilo 1 ya maharage Jumamosi usiku, yachemshe yote Jumapili ukiwa unasoma meza ya karibu, yakipoa gawa kwenye makopo. Yanayokaa kwenye friji ya kawaida yaliwe ndani ya siku 3 au 4, yaliyobaki yagandishwe. Fanya hivyo hivyo na rojo la vitunguu na nyanya. Usichanganye nazi kabla ya kuhifadhi, huchacha upesi. Itie siku ya kula.

Sasa zipange saa zako 10. Nashauri hivi: Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa 10:30 hadi 11:30 alfajiri, Jumamosi saa 4 mfululizo nje ya nyumba, Jumapili saa 2 za asubuhi au baada ya ibada, na saa 1 ya wiki iliyookotwa kwenye daladala. Kuamka saa 10:30 maana yake umelala saa 3:30 usiku. Ukishindwa kulala mapema, alfajiri hiyo iache. Chai ya rangi nzito au kahawa isipite saa 10 jioni, kwani karibu nusu ya kafeini huwa bado mwilini saa tano baadaye.

Saa 4 za Jumamosi ndizo uti wa mgongo, na ndizo huibiwa kwanza. Ndiyo maana nasema nje ya nyumba: maktaba ya mkoa, darasa tupu la shule ya jirani, au kituo cha mkoa cha chuo chako kama unasoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho tangu kianzishwe kwa sheria ya mwaka 1992 kimekuwa kikifundisha watu walio mbali na darasa. Soma dakika 50, simama dakika 10. Dakika 10 za mwisho wa kila kikao andika sentensi moja: kesho naanzia wapi. Bila sentensi hiyo, kikao kijacho kinaliwa nusu kwa kutafuta.

Kwenye daladala ukiwa umesimama, kitabu hakisomeki. Nunua karatasi moja ya manila, ikunje na kuikata nusu kwa nusu mara sita. Unapata kadi 64 zinazoingia mfuko wa shati. Swali mbele, jibu nyuma. Kadi uliyoijibu mara tatu kwa siku tofauti itoe. Siku ya kubanana sana, sikiliza sauti yako mwenyewe: jirekodi kwenye simu ukieleza mada moja kwa dakika 10, sikio moja tu, usije ukapitishwa kituo.

Kuhusu misiba na harusi, sikubaliani na wanaosema zikate. Mtu aliyejitenga na ndugu kwa miaka mitano atamaliza shahada akiwa hana wa kumpongeza wala wa kumzika. Chagua sehemu yako. Mazikoni nenda, kukesha matanga siku zote tatu, waombe radhi wakubwa kwa simu kabla hawajakuuliza. Harusini toa mchango wako mapema, lakini usikubali uweka hazina wa kamati katikati ya muhula. Kwenye kikoba, mwambie mwenyekiti tarehe za mtihani ili zamu yako isiangukie hapo. Watoto nao wapewe muda usioguswa, mathalani Jumapili saa 9 hadi saa 12 jioni, simu ikiwa kabatini. Mtoto anayejua saa yake inakuja hakusumbui sana Jumamosi.

Msongo una dalili zinazokuja mapema kuliko unavyodhani: unashtuka usingizini saa 9 usiku na hurudi kulala, unamfokea mtoto kwa kikombe kilichomwagika, kichwa kinauma kila jioni, unaahirisha kula. Ukiona mbili kati ya hizi kwa wiki nzima, wiki inayofuata punguza saa za kusoma ziwe nusu, tembea dakika 30 kwa miguu kila siku, hata kwa kushuka vituo viwili kabla. Huzuni au kukosa usingizi kukidumu wiki mbili mfululizo, nenda hospitali ukamweleze daktari waziwazi. Ukifikiria kujidhuru, usisubiri hata siku moja. Mwambie mtu wa karibu akupeleke.

Na kama mzigo umezidi kabisa, ahirisha masomo rasmi. Wengi huona aibu wakatoweka tu, kisha mfumo unawahesabu kuwa walikuwepo: mtihani unasomeka umekosa, deni la ada linabaki. Soma kanuni za chuo ujue tarehe ya mwisho ya kuomba na muda wa juu kabisa wa kumaliza programu, maana mwaka wa kuahirisha wakati mwingine huhesabiwa humo. Andika barua, ambatisha cheti cha daktari au barua ya mwajiri, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijagongwa mhuri.