Zaka ya pesa isiyo yangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Hela yangu kubwa ya mwaka huingia Desemba na Januari, wazazi wanapohangaika na sare za shule. Miezi iliyobaki ni kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Natanguliza hilo kwa sababu mafundisho mengi ya utoaji niliyoyasikia kanisani yanamfaa mwenye mshahara: mwisho wa mwezi umefika, kiasi kinajulikana, unatenga zaka, yaani fungu la kumi, umemaliza. Sisi wa kuokoteza tunakwama mapema zaidi. Katika hizi noti nilizoshika, zangu ni zipi?

Miaka kadhaa iliyopita shule moja ilinipa kazi ya jozi 80 za sare, kila jozi shilingi 20,000. Wakanipa nusu kabla ya kazi, yaani 800,000. Sikuwa nimewahi kushika kiasi hicho kwa mpigo mmoja. Jumapili iliyofuata nikatia 80,000 kwenye bahasha yangu ya sadaka yenye namba na kwenda kuiweka mbele, shingo imenyooka. Sasa ibada hiyohiyo ilikuwa na harambee ya kuezeka kanisa. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa mzoefu. Alianza na wa milioni, akashuka taratibu, na alipofika laki mbili akatazama upande wangu: "Mama wa sare, tunakuona!" Watu wakacheka. Nikasimama. Nikatoa taslimu, maana advansi ilikuwa bado kwenye pochi.

Vitambaa, vifungo na nyuzi vya kazi ile vilihitaji 720,000. Mimi nilikuwa nimebaki na 520,000. Nikakimbilia kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, nikakopa laki mbili kwa riba.

Lakini riba haikuniuma kama jambo la mama. Kila mwezi mimi ndiye ninayemnunulia dawa za presha. Mwezi ule nilimwambia, "Mama, nivumilie kidogo, nimebanwa." Akasema hamna shida. Wiki ya pili nikaenda kumsalimia, nikamkuta anakata kidonge kwa kisu, nusu ya leo, nusu ya kesho. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu bila hasira yoyote: "Mwanangu, niliona kanisa lina haraka kuliko mimi."

Nilirudi nyumbani nikafungua Marko 7. Yesu anawakemea Mafarisayo waliomruhusu mtu kumwambia baba au mama yake kwamba kile ambacho kingemsaidia ni Korbani, kimewekwa wakfu kwa Mungu. Nilikuwa nimesoma mistari hiyo mara nyingi nikidhani ni habari za Wayahudi wa zamani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu. Ile 800,000 haikuwa mapato, ilikuwa deni. Nilikuwa nadaiwa mashati. Mpaka sare zipelekwe, hela ile ilikuwa ya wazazi wa watoto, mimi nimeishika tu. Kazi ilipoisha nilikaa na daftari: malipo yote 1,600,000, toa 720,000 za malighafi, toa 240,000 za msaidizi wangu, toa 140,000 za kodi, umeme na usafiri. Kilichobaki ni 500,000. Fungu la kumi la hiyo ni 50,000. Kwa hiyo nilitoa 80,000 kabla sijapata hata senti moja ya faida, na nikajiona mtakatifu.

Kama una duka, genge au banda la chipsi, naomba utofautishe mauzo na faida kabla hujagusa bahasha. Na katika gharama weka ujira wa kijana anayekusaidia, umlipe kabla ya Jumapili. Siyo vizuri mtoa zaka awe anamkwepa kibarua wake barabarani. Mimi sasa nina pochi mbili, ya kazi na ya nyumbani. Hela huhamia ya nyumbani kazi ikishakabidhiwa, na hapo ndipo natoa zaka, siku hiyohiyo, kabla sijaanza kuitafutia sababu. Januari bahasha yangu huwa nene. Juni inaweza kuwa na 3,000, na siioni aibu.

Kuhusu harambee nina maneno zaidi. Katika 2 Wakorintho 8 Paulo anachangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na anaandika kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Najua mistari michache juu yake Wamakedonia wanasifiwa kwa kutoa kupita uwezo wao. Mchungaji mmoja alinibana kwa mistari hiyo. Nikamwambia, ni kweli, lakini walitoa kwa hiari yao, tena wao ndio waliomwomba Paulo awape nafasi. Hakuna aliyewaita kwa kipaza sauti. Na yule mjane wa Injili, wa senti mbili, ambaye hutajwa kila harambee, alitoa vyake. Hatusomi kwamba alikopa. Halafu, kabla tu ya habari yake, Yesu ametoka kuwasema waandishi wanaokula nyumba za wajane. Hapo huwa hapasomwi.

Mbinu yangu ni rahisi na imenigharimu maneno ya watu. Kiasi cha harambee nakiamua nyumbani Jumamosi jioni, pamoja na mume wangu, na hicho tu ndicho ninachokwenda nacho. Nikiitwa kwa jina nasimama, nasema nimeshatoa nilichokusudia, nakaa. Mara ya kwanza magoti yalitetemeka. Kuna dada mmoja hakunisalimia karibu mwezi mzima.

Usinielewe kwamba nahubiri ubahili. Baadaye nilichaguliwa kamati ya fedha, na kule ndiko nilikoona kanisa linavyoishi hasa. Tulikuwa tunahesabu sadaka watu watatu baada ya ibada, mmoja anaandika, wote tunatia saini, Jumatatu hela inakwenda benki. Ahadi kubwa za harambee ziliingia kwa kusuasua, nyingine hazikuingia kabisa. Umeme, mafuta ya pikipiki ya mwinjilisti, unga wa wazee wasio na watu, vyote vililipwa na bahasha za 2,000 na 5,000 ambazo hazikosi wiki. Ukitaka kusaidia usharika wako, kuwa mtu wa bahasha ya kila wiki. Na dai taarifa ya mapato na matumizi bila kuona haya. Paulo mwenyewe hakubeba michango ile peke yake, alifuatana na ndugu waliokubaliwa na makanisa ili mtu asipate la kumlaumu. Mhazini mwaminifu hufurahi kuulizwa. Nilikuwemo, najua.

Jambo jingine, ingawa huwa linawaudhi wengine. Tunafundishwa sana Malaki 3, walete zaka ghalani. Soma na Kumbukumbu la Torati 14. Pale familia inakula zaka yake mbele za Bwana kwa furaha, na kila mwaka wa tatu zaka inawekwa palepale mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Tangu niisome hiyo, sehemu ya utoaji wangu haipiti kwenye bahasha. Inakwenda kwa jirani mwenye wajukuu wanne, kimya kimya.

Kitu kimoja ambacho sijaacha ni mnada wa baada ya ibada. Pale asiye na hela huleta ndizi, mayai au parachichi, na mwenye hela hununua kwa bei isiyokuwepo sokoni. Mwezi uliopita mama alileta kuku wake mwekundu. Nilikuwa nimeshika 25,000 niliyoikusudia tangu jana yake, nikapandisha bei mpaka nikampata. Nilipomletea kuku amshike wakati natafuta kamba, mama akaniinamia sikioni: "Hiyo elfu ishirini na tano ni yako, au ni ya shule?"