Mdogo wangu yupo Karanga, fedha nimtumieje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu alihukumiwa kulipa faini ya shilingi 300,000 au kwenda jela miezi sita, na kwa kuwa siku ile hatukuwa na kitu, akapelekwa Gereza la Karanga. Juzi nimepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa askari magereza, akisema kijana amezidiwa na nitume haraka shilingi 80,000 za dawa kwenye namba yake. Mkononi nina 100,000 niliyopata kwa kuuza ndizi. Nitume?
Dada wa Majengo, Moshi

JIBU: Dada yangu, pole sana, lakini usitume. Mfungwa hutibiwa kwa gharama ya serikali, na akizidiwa hupelekwa hospitali chini ya ulinzi. Hakuna utaratibu wa ndugu kulipia dawa kupitia simu ya mtu binafsi, hata kama jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala linaonekana la heshima. Haraka ile anayokutia ndiyo mtaji wake. Namba hiyo iripoti kwa kuituma 15040, kisha panda daladala uende Karanga mwenyewe, uulize hali ya mdogo wako getini.

Fedha halali ya mfungwa hukabidhiwa kwa ofisi ya gereza, ikaandikwa kwa jina lake na kutunzwa chini ya mamlaka ya mkuu wa gereza, kwa sababu mfungwa haruhusiwi kushika fedha wala simu. Dai stakabadhi, na usione haya kusimama hapo hadi uipate. (Angekuwa mahabusu, yaani kesi yake haijaamuliwa, angekuwa na nafasi pana zaidi ya kupokea chakula na nguo kutoka nyumbani, vikishakaguliwa.)

Hata hivyo, ningekuwa wewe, fedha hiyo nisingeipeleka gerezani kwa matumizi. Mdogo wako hakufungwa moja kwa moja, amefungwa kwa kukosa faini, na sheria inaruhusu faini ilipwe hata baada ya mtu kuingia ndani. Ikilipwa yote anaachiwa, na ikilipwa sehemu, kifungo hupungua kwa uwiano wa kilicholipwa. Shilingi 100,000 ni theluthi moja ya 300,000, kwa hiyo inaondoa theluthi ya miezi sita, yaani miezi miwili, jambo ambalo sabuni na sukari haziwezi kumfanyia. Ndugu wengi hawalijui hili, wakabaki wakipeleka vijisenti kila mwezi hadi kifungo kikaisha chenyewe.

Nenda kwa karani wa mahakama iliyotoa hukumu ukiwa na namba ya kesi, ueleze kuwa unataka kulipa sehemu ya faini, upewe namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ulipe benki au kwa simu, kisha uhakikishe taarifa ya malipo imefika gerezani. Nakala ya stakabadhi ibaki kwako, na wajomba wakichangia kilichobaki, utarudi kwa karani yuleyule na namba ileile ya kesi.