Branchi ya Jumapili isiyojaza jaa

Msomaji mmoja wa Mbezi ameniandikia wiki hii kuhusu branchi, ule mlo wa kati ya asubuhi na mchana: "Dada, nataka kuwaita mashosti Jumapili kwa branchi, ila iwe ya kutunza mazingira. Sahani za mianzi na mirija ya karatasi napata wapi kwa bei nzuri?"

Mdogo wangu, sahani unazo. Zimo kwenye kabati la sebuleni, zile ulizozawadiwa kwenye kitchen pati, na unamsubiri mgeni gani mpaka uzitoe? Mrija hata usihangaike nao. Juisi ya ukwaju inanyweka kwa mdomo.

Mimi mambo haya sikuyasoma mahali. Zamani kikundi chetu tulikuwa tunakutana kwenye hoteli moja ya ufukweni, bufee, unalipa mara moja unajipakulia mpaka uchoke. Siku moja nikakaa karibu na mlango wa jikoni. Kijana anayekusanya sahani alikuwa anakwangua kila kitu kwenye mfuko mweusi: soseji nzima, nusu ya keki, tikiti maji ambalo halijaguswa. Nikamuuliza chakula kile kinaenda wapi. "Hizo taka, dada," akanijibu, na kazi ikaendelea.

Taka zinazozolewa jijini kwetu Dar es Salaam, nyingi mwisho wake ni dampo la Pugu Kinyamwezi. Chakula kikifukiwa chini ya taka nyingine kinakosa hewa, na kikiozea huko kinatoa gesi ya methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Kwa hiyo ile soseji haikuishia kwenye mfuko mweusi. Nikawaambia wenzangu, kuanzia sasa tukutane kwangu Tabata.

Wengi walifurahi. Mmoja, ambaye simtaji ila akisoma hapa atajijua, alifika, akaona mbaazi za nazi kwenye bakuli kubwa, chapati kwenye hotpoti, mihogo ya kuchemsha na birika la chai ya tangawizi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mbona kama tuko msibani?" Halafu akaweka picha kwenye status na vikatuni vya kucheka. Nilicheka nao. Usiku sikulala vizuri, na nikisema limeniisha nitakuwa naongopa. Huyohuyo mwezi uliopita kanipigia kuomba nimwelekeze zile mbaazi zinapikwaje, maana mama mkwe wake anakuja. Nilimwelekeza. Mimi si mtu wa visasi, ila nilimwachia aulize mara mbili.

Na wewe nakuelekeza bila kuuliza mara mbili. Mbaazi zilowekwe Jumamosi jioni. Hilo ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu zilizolowekwa zinaiva kwa muda mfupi zaidi. Kwenye presha kuka ya umeme nusu saa hivi zinatosha. Kavu kwenye jiko la mkaa utakaa nazo nusu ya asubuhi, na gunia la mkaa linajua. Zikiiva, tia tui jepesi, kitunguu, chumvi, na pilipili mbuzi nzima bila kuipasua. Tui zito linakuja mwisho kabisa, moto mdogo, na usiache kukoroga, vinginevyo litakatika na sufuria yote itakuwa mafuta juu, maji chini. Machicha mimi nampelekea jirani anayefuga kuku wa kienyeji. Vifuu navianika, ni kuni nzuri sana siku gesi ikiisha.

Kingine ni kuhesabu watu. Jamani, sisi tunapika kwa woga. Tunaogopa kusemwa kwamba chakula kilipungua, basi tunapikia watu wanane chakula cha harusi. Kilo moja ya unga wa ngano inanipa chapati kama 12. Nikihesabu vichwa najua nikande kiasi gani, na anayetaka kuja na mtu aseme Ijumaa. Kikipungua, kuna vitumbua vya mama wa pale kona, nampelekea hotpoti yangu mwenyewe ili asinifungie kwenye nailoni. Mara ya kwanza alinishangaa. Siku hizi akiniona na hotpoti ananiongezea kimoja.

Nikiwa kwenye nailoni, tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, nasi tukajisifu sana. Lakini agiza branchi iletwe na bodaboda uone: viboksi vyeupe vya povu, vijiko vya plastiki, tomato sosi kwenye vipakiti, vyote ndani ya mfuko mzuri wa kitambaa. Tumebadilisha mfuko, vya ndani ni vilevile.

Matunda, kula ya msimu. Machungwa ya Muheza yakijaa sokoni katikati ya mwaka, wewe unanunua tufaha la Afrika Kusini la nini? La kupigia picha? Embe nazo zikianza mwishoni mwa mwaka, Buguruni utazipata mpaka uchoke, tena beba kikapu chako cha ukili, unapendeza nacho. Mbaazi zenyewe zinalimwa hapahapa, Lindi, Mtwara, Babati, na shambani zinarutubisha udongo kwa kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Soseji inafanya hivyo? Tusidanganyane. Watu tunataka kuokoa dunia kwa kununua vitu vipya, wakati kinachotakiwa ni kupunguza. Punguza nyama, punguza moto, punguza kupika, punguza kujionyesha. Nasema tena, punguza kupika.

Ila kuna jambo moja wanaohubiri mazingira hawalisemi. Sahani za udongo na glasi zinaoshwa na mtu. Ukiacha vya kutupa halafu dada wa kazi akabaki na beseni la vyombo Jumapili mchana, siku yake ya kupumzika, umeokoa mazingira kwa mgongo wake. Kwangu dada Jumapili haoshi. Nimeweka mabeseni mawili uani, la sabuni na la kusuuza, ili bomba lisiachwe likimwagika, na kila mgeni anaosha alichokulia, wanaume wakiwemo. Walinuna mwanzoni. Shemeji yangu mmoja hadi leo anajifanya kupokea simu vyombo vikianza, nasi tunamwachia sahani yake palepale mpaka amalize kuongea.