Mama, nifungulie

Swali la wiki lilikuwa hili: "Ni kifungashio gani kimewahi kukutoa jasho, na mwisho ulikifunguaje?" Nimelisoma nikiwa kaunta, nikacheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Nina duka la rejareja Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa 19 sasa, na nusu ya kazi yangu ni kuuza, nusu ni kufungua. Mtu ananunua, anapiga hatua tatu, anarudi. "Mama, nifungulie." Wapo hata wasionunua kwangu. Wanaleta cha duka la jirani, au kilichotumwa kutoka Dar, au kilicholala nyumbani siku mbili kikiwashinda wote, baba mwenye nyumba akiwamo. Mkasi wangu nimeufunga kwa uzi kwenye msumari wa kaunta, maana miwili ya kabla yake ilikwenda kufungua vitu vya watu na haikurudi.

Kwa jasho hasa, itabidi nianze na chupa ya Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Ana miaka 78, na vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, hata kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili. Mwaka jana mjukuu wake aliyeko Marekani alimpa mtu anayerudi nyumbani chupa ya vidonge vya maumivu, vidonge 500, zawadi ya kueleweka. Siku ya tatu nikamwona Bi Mkubwa mlangoni, chupa kaifunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii dawa ya viungo wameitia kifuniko cha wenye viungo vizima."

Nikaizungusha. Kifuniko kikazunguka bila tabu, tak tak tak, kinazunguka na hakitoki. Nikakaza mkono. Tak tak tak. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri chenji akasema, "Lete mama, hiyo inataka mwanaume." Akazungusha mpaka mshipa wa shingo ukamsimama, kisha akairudisha kaunta kimya kimya, akachukua chenji yake akaondoka. Juu ya kifuniko kulikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyochomoza kwenye plastiki ileile nyeupe, meupe juu ya meupe, huyaoni mpaka uyaelekeze kwenye mwanga. Bi Mkubwa Kiingereza hajui, na angekijua asingeyaona.

Binti yangu anafanya kazi duka la dawa. Nikampigia. Akacheka kwanza, halafu akasema: bonyeza kwa kiganja, kwa nguvu, kisha zungusha bila kuachia. Kikafunguka. Ndani tukakuta karatasi inayong'aa kama fedha imegandishwa mdomoni mwa chupa. Nikaitoboa kwa ncha ya mkasi. Chini yake pamba. Bi Mkubwa akachungulia, akasema, "Ubao, sanda, pamba. Humu wamezika mtu."

Jioni binti alinieleza habari yenyewe, na tangu hapo kuwalaani wenye viwanda moja kwa moja kumenishinda. Kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha kilitokea Windsor, Kanada, mwaka 1967, kwa daktari wa watoto, Henri Breault, aliyekuwa amechoka kupokea hospitalini watoto waliomeza dawa za wazazi wao. Marekani ikatunga sheria yake mwaka 1970. Ile karatasi ya kung'aa nayo ni ya baada ya Chicago, 1982, watu 7 walipokufa kwa vidonge vya maumivu ambavyo mtu alivitia sumu ya sianidi na kuvirudisha kwenye shelfu za maduka. Kwa hiyo kila mlango wa chupa ile una msiba wake nyuma. Hilo nimelikubali.

Ila kuna jambo moja aliniambia ambalo bado linanikwaza. Kifuniko cha namna hiyo hujaribiwa kwanza kwa watoto wa miezi 42 hadi 51, na angalau 80 kati ya 100 wawe wameshindwa ndani ya dakika 10. Halafu wanaletwa watu wazima, na kati ya hao 90 kwa 100 wawe wamefungua. Watu wazima wa umri gani? Miaka 50 hadi 70. Nilipomweleza Bi Mkubwa akasema, "Basi mimi nimepitiliza, hawakunihesabu." Mimi nina 56, darasa hilo nimo, na nilifeli mbele ya wateja.

Sheria hiyohiyo ya Marekani inaruhusu kiwanda kutoa saizi moja yenye kifuniko cha kawaida, ikaandikwa kwamba ni ya nyumba zisizo na watoto wadogo. Mjukuu akasema safari nyingine atanunua hiyo. Nyumba isiyo na watoto, Ngamiani! Kwa Bi Mkubwa wamo watano, na yule wa mwisho ana miaka miwili na anaonja hata sabuni ya kufulia. Tukaona bora kifuniko kibaki kilekile na chupa ilale dukani kwangu, droo ya chini. Asubuhi Bi Mkubwa anakuja na bilauri yake ya maji, namfungulia, anameza, anakaa kwenye benchi tunaongea mpaka jua lifike miguuni kwake.

Hicho basi ni kifungashio kigumu chenye sababu. Sasa kuna vile ambavyo sababu yake siioni. Tochi, chaja, betri, nyembe za kunyolea, zinakuja zimelazwa kwenye kadi na kufunikwa plastiki ngumu iliyoyeyushwa kingo zote nne. Mkono hauipasui. Kisu kinateleza. Mkasi ukishaingia, zile kingo zilizokatwa zinageuka wembe, na kovu la kidole changu cha shahada ni la chaja ya simu ya shilingi elfu tano. Nimeambiwa sababu yake ni wizi: kwenye supamaketi mteja anajichukulia mwenyewe, kitu kidogo kingeingia mfukoni, kwa hiyo wanakilaza kwenye plastiki kubwa kisifichike. Sawa. Lakini duka langu lina wavu wa chuma kuanzia kaunta hadi dari, na kitundu cha kupitishia bidhaa na pesa. Mteja haingii ndani. Plastiki ile inamlinda nani na nani? Mwizi wangu mimi ni panya, na plastiki anaila.

Vipaketi ndivyo vinavyoniletea watu wengi zaidi kwa siku. Nyanya ya paketi, shampuu, mafuta ya nywele, maziwa ya unga ya kikombe kimoja. Pembeni pameandikwa "Fungua hapa" na kuchorwa mkasi mdogo au mshale. Nimeuza vya kutosha kujua tatizo lilipo. Kile kimkato cha pembeni kinatakiwa kiingie kwenye ule ukingo uliogandishwa, kidogo tu, ili ukivuta mpasuko upate pa kuanzia. Vikija vimeungana kama mkanda unaona wazi: vitano vya kwanza kimkato kiko mahali pake, vinavyofuata kimesogea, mwisho hakipo kabisa, kisu cha kiwandani kimekwisha makali au mkanda umekwenda upande. Mwenye mikono mikavu atapambana. Lakini nyanya ya paketi nani anaifungua na mikono mikavu? Kitunguu kishaanza kuungua, vidole vina mafuta, ndipo unapoikumbuka. Kwa hiyo jino. Nawaambia wateja wangu niwakatie hapahapa, mtaitia kwenye kikombe. Wengi wanakataa, wanasema itamwagika njiani, kisha jioni namsikia mtoto anatumwa mbio aje kukatiwa.

Vipaketi pekee ambavyo sikuwahi kuletewa na mtu vifunguliwe ni vile viroba vya pombe kali, kabla serikali haijavipiga marufuku Machi 2017. Vile walivifungua wenyewe, gizani, kwa mkono mmoja.

Afadhali maji ya chupa. Ule mkanda wa nailoni uliokuwa ukivishwa shingoni juu ya kizibo, ambao kwenye basi la Dar ulikuwa unautafuta ncha kwa kucha mpaka Segera, umekatazwa na kanuni za mazingira za mwaka 2022. Kizibo chenyewe kina pete inayokatika ukifungua, na hiyo inatosha kukuonyesha kwamba hakuna aliyetangulia. Nasema hivi kwa sababu wapo watakaodhani nataka kila kitu kiuzwe wazi. Sitaki. Mimi mwenyewe nikinunua mafuta ya kula jumla naangalia pete kwanza, bei baadaye, maana chupa zinajazwa upya mitaani na kurudi sokoni zimevaa nembo. Kufungwa nataka. Ninachouliza ni kama yule aliyefunga alimfikiria atakayefungua.

Nisiwe mnafiki lakini. Mwaka juzi nilimtumia binti yangu mdogo, yuko chuo Dodoma, boksi la karanga, dagaa na mikate ya mofa. Kwa kuogopa mikono ya kwenye basi nilimaliza selotepu nzima, nikaizungusha boksi mpaka kadibodi haikuonekana. Usiku akanipigia. "Mama, umenitumia chakula au umenitumia kazi?" Wenzake wa chumbani walikuwa wanne juu ya boksi na kijiko, na mikate ilitoka imekuwa unga.

Na hata hizo zana tunazozitafuta, zimezoea kuchelewa. Kopo la bati la kuhifadhia chakula liliandikishwa Uingereza na Peter Durand mwaka 1810. Kifungua kopo kikaja miaka ya 1850. Zaidi ya miaka 40 watu walikuwa na makopo na hawana cha kuyafungulia. Makopo ya mwanzo yalielekeza utumie patasi na nyundo. Nilipoyasoma hayo niliona sisi wa bweni hatukuwa washamba peke yetu. Tulikuwa tukitoka likizo na makopo ya maharage, na shule nzima ilikuwa na kifungua kopo kimoja, cha matroni, ambaye kumwomba kulimaanisha kumgawia. Tukaligeuza kopo juu chini kwenye sakafu ya saruji nyuma ya bafu na kulisugua kwa duara, wasichana wawili tukipokezana. Ule mkunjo unaounganisha mfuniko na ubavu unalika taratibu, saruji inabaki na duara la kijivu linalong'aa, na ukiona unyevunyevu umeanza kujitokeza unasimama, unakamua ubavu, mfuniko unanyanyuka wenyewe. Kuna chembe za bati na vumbi la saruji tulizokula, Mungu anajua. Siku hizi makopo mengi yana kipete cha kuvutia. Kipete kikikatika, na hukatika, kopo halina pa kushika, na linaletwa kwangu.

Mkiniuliza kifungashio kinachofunguka kwa adabu, nitawaonyesha kiroba cha mchele.

Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nachana viroba kwa kisu. Nyuzi za sandarusi zinaingia kwenye mchele, na kiroba kitupu, ambacho nacho kina bei yake, kinakuwa takataka. Siku moja kuli aliyeniletea mzigo kutoka sokoni, mzee mmoja mwembamba asiyependa maneno, akanishika mkono nikiwa nimeshainua kisu. Akanionyesha mshono. Upande mmoja uzi umelala kama wa cherehani ya kawaida, upande wa pili umekwenda kama mnyororo, kila kitanzi kimemshika mwenzake. Vyote vinashikiliwa na kitanzi cha mwisho. Kwa hiyo kazi ni kujua mashine ilimalizia upande gani. Ukianzia ilikoanzia mashine, unavuta unajifunga, unavuta unakaza, mpaka unaomba kisu. Ukianzia ilikomalizia, unakata ule mkia mdogo, unazitenganisha nyuzi mbili kwa kucha, unazivuta. Mzee akavuta. Zrrrrrr, mshono wote wa kiroba cha kilo 50 ukatoka kwa pumzi moja, mdomo ukafunguka, na hakuna punje iliyodondoka. Nikamwomba kingine. Akaniambia, "Hicho fungua wewe." Nikakosea upande, akaondoka zake bila kunisubiri.

Sasa nakosea mara chache. Kile kiroba kimebanwa na mashine kikatoka kiwandani, kikatupwa kwenye lori, kikakaliwa na watu, kikapigwa mabega, hakikumwaga kitu. Na kikifika kwa mwenyewe kinaachia kwa kuvuta uzi tu. Hakina maandishi ya "Fungua hapa". Hakihitaji nguvu, Bi Mkubwa amewahi kunifungulia kimoja akiwa amekaa kwenye benchi, uzi kauzungushia kiganjani kwa sababu vidole havibani, akavuta kwa mkono mzima, akacheka kama msichana.

Uzi wake situpi. Nauzungushia kwenye kigunzi cha hindi, na ndio huo nilioufungia mkasi. Ningeendelea, lakini hapa kitunduni kuna mtoto amesimama na paketi ya nyanya mdomoni, anaikazia meno.