Mkuu, usichapishe hilo bango la Belgrave

Usilipeleke kwa mchapaji. Kama ulishalipa, piga simu sasa hivi wasimamishe mashine, salamu tutapeana baadaye. Nimeiona rasimu uliyobandika hapa jukwaani: "Kutoka Kampala hadi Belgrave", sura ya Idi Amin imekula nusu ya bango, na chini yake sentensi moja inayosema Wahindi wa Belgrave, mtaa wa jiji la Leicester kule Uingereza, ni watu waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Halafu unatuuliza ununue kinasa sauti gani cha kurekodi wazee, ulale wapi, na kama usiku wa Diwali, ile sikukuu ya taa ya Wahindu, mnaweza kuweka meza yenu Belgrave Road. Hayo madogo. Hilo bango ndilo litakalokuponza.

Bango kama hilo nimeshalichapa mimi. Tena seti nzima, na kijitabu cha rangi juu yake, kwa hela ya mfadhili. Kikundi chetu kilitaka maonyesho ya wazee wa Belgrave waliotoka Afrika Mashariki, tukamkodi mshauri wa mambo ya urithi. Jamaa ana slaidi nzuri, anaongea kama redio, na mtaani alikuwa akipita na gari tu. Akatuambia Belgrave ni habari ya Amin, basi, watu wanataka kitu kimoja cha kukumbuka. Akatupa na dodoso, swali la kwanza kabisa: "Ulifukuzwa Uganda lini?" Sisi tukaitikia kama kibwagizo. Wahenga wa mjini wanasema akili za kuambiwa changanya na zako, sisi za kwetu tuliziacha nyumbani siku hiyo.

Siku ya ufunguzi bibi mmoja alisimama mbele ya bango la kwanza, mfuko wa kotimiri unaning'inia mkononi, akavaa miwani akasoma huku anafuata mstari kwa kidole. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa Kiswahili cha Tanga kilichonishinda hata mimi. Akaniuliza, "Hii habari ya nani, mwanangu?" Nikamjibu, yenu, bibi. Akanitazama juu ya miwani. "Amin mimi nilimsoma gazetini, kama wewe. Nyumba yetu sisi iliondoka na Nyerere."

Hapo nikaanza kutafuta mlango wa kutokea. Maana kweli, Tanzania mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutaifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Wahindi wengi wakafunga mizigo baada ya hapo. Amin hajatangaza lolote bado, yeye alisema maneno yake Agosti 1972. Nyuma ya bibi akaja mzee wa Kisumu. Huyo alifika mapema 1968, mbio mbio, kwa sababu Kenya ilikuwa imetunga sheria ya vibali vya kazi kwa wasio raia, na Uingereza nayo ilikuwa inafunga mlango: bunge lilipitisha sheria kwa siku tatu tu, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Akaniambia, wa Uganda ndio waliotukuta sisi hapa, tukawalaza sebuleni. Wewe umeandika sisi ni wao.

Mkuu, unaliona hilo? Si suala la kumkosea mtu adabu tu. Bango linageuza sababu juu chini. Mwaka 1972 Baraza la Jiji la Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia Waasia wasije, kwamba nyumba hazitoshi na shule zimejaa. Bodi iliyoshughulikia wakimbizi nayo iliiweka Leicester katika maeneo mekundu, yaani msiende. Wakaja maelfu hata hivyo. Kwa nini? Kwa sababu tayari alikuwepo shemeji wa Nairobi, binamu wa Mwanza, jirani wa Blantyre, na duka la kuwauzia unga na bizari. Wapo wazee wanaokuchekea kabisa, wanasema jina la Leicester walilisikia mara ya kwanza kwenye lile tangazo. Ukianza na Amin, wale waliofungua mlango unawafuta.

Sasa hasara yenyewe. Wazee walizungumza, wazee huzungumza. Kabla wiki haijaisha, watu waliotusainia fomu walianza kupiga simu mmoja mmoja: toa sauti yangu. Hawakugomba. Wangegomba ingekuwa afadhali. Tulibaki na filamu yenye mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza, vijitabu vikabaki kwenye maboksi, na mfadhili akazuia malipo ya mwisho mpaka tusahihishe kila kitu. Mshauri? Alishatuma ankara yake, ikalipwa kwa wakati. Tulipomuuliza akasema "hadhira ni ngumu". Pale Belgrave Hall, jumba la kale la mtaani, wanasema mwaka 1998 kamera za ulinzi zilinasa mzimu bustanini. Nakuapia huo mzimu ungetushauri vizuri zaidi, angalau wenyewe unakaa mtaani.

Kuna na mama mmoja wa Kiingereza, mzaliwa wa pale pale, maisha yake yote kwenye viwanda vya soksi na fulana. Alizunguka mabango yote akarudi kuniuliza kama kabla ya 1972 palikuwa msitu. Nilistahili. Belgrave ilikuwa kijiji chenye kanisa lake la St Peter tangu enzi za kati, ile Belgrave Hall ilijengwa kati ya 1709 na 1713, jiji likaja kukimeza kijiji mwanzoni mwa miaka ya 1890, na zile nyumba za matofali mekundu zilizobanana ukuta kwa ukuta zikajazwa wafanyakazi wa nguo na viatu. Hizo hizo ndizo Wahindi walizozikuta zimechakaa, choo uani, nyingine zinasubiri kubomolewa, wakazinunua kwa sababu ndizo walizoziweza.

Kwa hiyo shika hili, mengine yote achana nayo: ULIZA MTAA KWANZA, safari baadaye. Swali la kwanza liwe nyumba: ulikaa barabara gani, mlango wa pili alikuwa nani, zamu ya usiku uliingia kiwanda gani. Kampala, Tanga au Kisumu itakuja yenyewe, na itakuja kwa mpangilio wa mwenye habari. Tulirudi kwa wachache waliokubali kutusikiliza tena, tukauliza hivyo. Mtu aliyenyamaza tulipomuuliza habari za Amin aliongea mpaka chai ikapoa kuhusu lile daraja la magari lililopita juu ya Belgrave Road tangu miaka ya 1970 hadi lilipobomolewa 2014. Kila mtu alilichukia, Mhindi na Mwingereza. Kile kiwanda kikubwa cha mashine za viatu nacho, kilichoanguka mwaka 2000 watu wakapoteza pensheni zao, kinawaunganisha majirani kuliko hotuba yoyote ya umoja. Wengine watakupeleka mgomo wa 1974 wa Imperial Typewriters, kiwanda cha taipureta upande wa East Park Road, ambako wafanyakazi wa Kiasia, wengi wametoka kwetu Afrika Mashariki, waligoma karibu miezi mitatu na chama chao cha wafanyakazi kikawageuzia mgongo. Utayapata wapi hayo kwa dodoso la "ulifukuzwa lini"?

Diwali: taa za pale zinawashwa tangu 1983 na watu hufurika makumi ya maelfu, barabara inafungwa. Ukibeba meza na kinasa sauti usiku huo utarekodi kelele tu. Nenda Jumanne asubuhi, agiza mihogo ya kukaanga yenye pilipili (kwenye menyu wameandika mogo), kaa, uamkie watu kwa Kiswahili. Utaitikiwa.

Kinasa sauti chochote. Malazi sijui, mimi nililala kwa shemeji. Uliuliza na jambo jingine la vibali nadhani, nimelisahau na uzi umeshakuwa mrefu. Lete rasimu mpya hapa jukwaani kabla hujamtumia mchapaji, na ile sura ya Amin niikute imetoka.