Barua kwa mwanangu: wajukuu wangu na Ikulu ya Marekani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza, baada ya ubishi wa huko kazini kwenu Columbus, kama wanao wanaweza siku moja kugombea urais wa Marekani: kifungua mimba aliyezaliwa Mombasa, na huyu mdogo aliyezaliwa huko Ohio nanyi mkiwa na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mdogo anaweza. Mkubwa hawezi, hata mkiapishwa kuwa raia kesho.

Katiba yao inataka mgombea awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 35, na awe ameishi nchini miaka 14. Hiyo miaka haina utata. Watu hugombana juu ya kuzaliwa, maana Katiba haikufafanua, na Mahakama ya Juu haijawahi kuamua kesi ya mgombea urais juu ya jambo hilo. Wanasheria wengi hupima hivi: dakika ile mtoto alipozaliwa, sheria ilimtambua kuwa raia, au alipewa uraia baadaye?

Mwanao mdogo analindwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba ya mwaka 1868, yanayompa uraia aliyezaliwa nchini humo, pamoja na hukumu ya Wong Kim Ark ya 1898. Huyo alizaliwa San Francisco na wazazi Wachina ambao sheria haikuwaruhusu hata kuomba uraia, na mahakama ikasema yeye ni raia. Amri ya Trump ya Januari 2025 mliyotishwa nayo inamlenga mtoto ambaye mama yake hana kibali au ana viza ya muda, na baba yake si raia wala hana kadi ya kijani. Nyinyi hammo.

Mkubwa ni habari nyingine. Mmoja wenu akiapishwa kabla kijana hajatimiza miaka 18, naye akiwa anaishi nanyi kwa kadi yake ya kijani, anakuwa raia papo hapo bila kula kiapo. Pasipoti yake haitatofautiana na ya mdogo wake. Hata hivyo uraia umemkuta njiani. Abdul Karim Hassan, mzaliwa wa Guyana aliyepewa uraia baadaye, alitaka jina lake liwekwe kwenye karatasi za kura za urais Colorado mwaka 2012. Mahakama ya rufaa ikamkatalia.

Bila shaka wenzako walimtaja Obama, aliyezushiwa kuwa alizaliwa Kenya. Cheti chake kirefu, kilichotolewa Aprili 2011, kinasema alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, saa 1:24 usiku. Mahali alipozaliwa baba pameandikwa "Kenya, Afrika Mashariki". Magazeti mawili ya Honolulu yalitangaza uzazi huo mwezi uleule. Mbona basi waliong'ang'ania Kenya waliona wameshika mpini? Kwa sheria ya wakati huo, mtoto wa ndoa aliyezaliwa nje na mzazi mmoja Mmarekani alihitaji mzazi huyo awe ameishi Marekani miaka 10, 5 kati yake baada ya kutimiza miaka 14. Mama yake Obama alikuwa na miaka 18. Alipungukiwa na miezi michache. Hesabu yao ilikuwa sawa, ila mtoto hakuzaliwa Kenya, na hapo hoja yote inaanguka.

Kuzaliwa nje peke yake hakumzuii mtu. Seneta John McCain alizaliwa eneo la Mfereji wa Panama mwaka 1936 na wazazi Wamarekani, na Seneta Ted Cruz alizaliwa Calgary, Kanada, na mama Mmarekani. Wote waligombea, ingawa kesi hazikukosekana.

Hili likufae wewe. Ukiwa raia, baba watoto akiwa bado, kisha ukaja kujifungulia huku Kenya, utatakiwa kuonyesha umeishi Marekani miaka 5, miwili kati yake baada ya kufikisha miaka 14. Miaka ya kadi ya kijani inahesabiwa. Wengi hukwama kwenye ushahidi, si kwenye miaka, kwa hiyo usitupe hati za mshahara, mikataba ya nyumba wala pasipoti zilizokwisha. Kisha mtoto aandikishwe kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi kabla hajatimiza miaka 18.

Mkubwa akinuna, mwambie Katiba ya Kenya, Ibara ya 137, nayo inataka raia wa kuzaliwa, na huku yeye ndiye. Ila asome na Ibara ya 78 kuhusu uraia pacha kabla hajaanza kampeni.

Mamako